Penalti Iliyozikwa Mkuyuni

Kitabu hiki kinanuka mafuta ya taa. Nimekificha ndani ya tranka hapa bwenini, chini ya sare ya akiba, lakini harufu haifichiki. Nikifungua tu, wasichana wenzangu wanaanza. "Deme, una koroboi humo?" Sina koroboi. Nina nyara. Na kama na wewe uliwahi kunyang'anywa kitu ulipokuwa mdogo, mbele ya watu, watu wenyewe wakicheka, basi sogea hapa tusome pamoja, maana sisi wawili tutaelewana. Wenye roho za malaika waende kanisani. Hapa hakuna kusamehe.

Ni kitabu cha wachezaji wa Ulaya, kikubwa kama trei ya chai, picha tele, Kiingereza kigumu. Padri mmoja mzungu wa kule Mgeta, mtu mwenye wazimu wa mpira kuliko wa sala, alimwachia mjomba wangu Pius siku alipohamishwa parokia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakulisha, mjomba anakumiliki, na wangu alinimiliki vizuri. Tuliishi naye mtaa wa Mafiga, mjini. Mchana alikuwa kiwanda cha magunia, jioni alikuwa kipa wa timu ya kiwanda. Viganja vyake vilikwaruzwa na katani mpaka vikawa kama jamvi, na mimi niliamini hiyo ndiyo sababu mpira haumtoki mikononi: unanasa.

Jioni za mvua tulikaa kwenye mkeka, yeye na Kiingereza chake cha kuokoteza, mimi na changu cha darasa la nne, tukisoma picha.

"Huyu hapa," alisema akimgusa kipa mmoja mwenye nywele kama nyasi kavu, "hana kazi nyingine. Anacheza mpira tu. Analipwa."

"Shamba analima saa ngapi?"

"Halimi."

"Na zamu kiwandani?"

"Deme, nimesema anacheza tu."

"Basi mvivu."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Yeye baada ya mechi alipewa soda na mche wa sabuni, na mche ule tuliuheshimu sana nyumbani, kwani sabuni siku zile ilikuwa ya foleni. Aliyenivuruga zaidi ni mwalimu wetu wa siasa. Alitufundisha kwamba mchezaji wa kulipwa ni bidhaa ya mabepari, hununuliwa na kuuzwa, leo timu hii, kesho ile. Wiki hiyohiyo tulikuwa tunasoma misafara ya watumwa. Nilirudi nyumbani mbio, nikafungua kitabu, nikakagua vifundo vya miguu ya wachezaji wote nikitafuta minyororo. Sikuuona hata mmoja. Ila wote walikuwa wamevaa soksi ndefu mpaka magotini. Nikasema, ahaa, kumbe ndimo wanamoificha. Kwa muda mrefu sana niliwaonea huruma mabingwa wa Ulaya.

Na kitu kingine nilikigundua. Kitabu kizima, jalada hadi jalada, hakina picha ya refa. Wapo makipa, wapo makocha, yupo hata mbwa mmoja aliyeingia uwanjani. Refa hakuna. Hapo nikajua kwamba dunia nzima inawachukia.

Sasa nimlete adui. Bwana Alfonsi alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye shingo ya jogoo. Kazi yake ilikuwa stesheni ya reli: kupuliza filimbi treni iondoke. Jioni alikuwa refa: kupuliza filimbi wachezaji waondoke. Mtu huyo alipuliza maisha yake yote. Tena alikuwa mtani wetu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani, kwa wewe usiyejua, ana ruhusa ya kukutukana, kukupora kuku, kukucheka hadi msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa, na faini unalipa.

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwisho ya ligi ya mkoa. Sare tu ingetosha timu ya kiwanda ipande kucheza na wakubwa wa Dar, wale tuliokuwa tunawasikiliza redioni kwa jirani, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zifike kipindi cha pili. Nilikaa nyuma ya goli la mjomba. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu, kila mtu alijua, hata mbuzi waliokula nyasi pale walinipisha. Mpira ulikuwa unakaribia kwisha, bila bila, watu wamekwisha anza kumpigia refa kelele amalize, mara mshambuliaji wa timu ya mashamba ya miwa akachomoka peke yake. Mjomba akatoka golini.

Mimi mshambuliaji akikaribia goli letu huwa nafumba macho kidogo. Ni mazoea tu, hayana maana kwamba sikuona. Niliona. Ukitoa vumbi, niliona kila kitu: mjomba ameuzoa mpira vizuri kabisa, na yule bwana amejirusha mwenyewe kama gunia linaloshushwa kwenye lori. Filimbi ikalia. Bwana Alfonsi akanyoosha kidole kwenye penalti.

Mjomba alimfuata mikono juu. "Mtani, nimegusa mpira! Nimegusa mpira kwanza!"

"Rudi golini, Pius."

"Mtani, mbona unaniua?"

"Filimbi ikilia, imelia."

Mjomba akaruka kulia. Mpira ukaenda kushoto.

Kesho yake Mafiga nzima ilikuwa na jibu. Pius ameuza mechi. Mtu aliyedaka msimu mzima, akosee siku ile ile? Kwenye foleni ya sabuni akina mama walimwambia mama yangu, "Dada, si upishe wenye shida? Kaka yako ana shamba la miwa sasa." Shuleni nilipewa jina jipya kabla paredi haijavunjwa. Miwa. "Miwa, mjomba kakuletea sukari?" "Miwa, tuazime kisu tukumenye!" Nilipigana na wawili nikawashinda. Wa tatu alikuwa mkubwa, huyo nikamng'ata.

Mjomba hakujitetea hata mara moja. Walimweka benchi, kisha akaacha kwenda hata mazoezini, akaomba zamu ya usiku ili asikutane na watu. Ile sweta yake ya kijani ya kudakia ikawa inaning'inia kwenye msumari, viwiko vimefumwa mara mbili, kama ngozi ya mnyama aliyekwisha liwa. Nilimuuliza, "Mjomba, kwa nini husemi?" Akanisogezea sahani ya ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. "Deme, kula."

Haukupita muda mrefu bibi, mama yao, akafariki kule Mgeta. Mgeta ukizika unapanda. Jeneza lilikuwa mabegani mwa wanaume, kijia chembamba kinapita katikati ya matuta ya kabichi, miguu inateleza, wanawake wanaimba nyuma. Hapo ndipo filimbi ilipolia mbele yetu. Bwana Alfonsi alikuwa amepanda na lori la mboga, na sasa alisimama katikati ya njia, kaptura ya urefa, mkono juu.

"Simama! Ofsaidi! Marehemu amevuka mstari mapema!"

Watu wakaangua kicheko, jeneza likayumba. Akachuma kabichi kwenye tuta, akaliweka chini, akahesabu hatua za penalti kwa madaha, akapuliza, akalipiga teke. Kisha akakimbia upande wa pili akawa mjomba. Alijirusha kwenye tope upande wa kulia, mikono juu, akalia kwa sauti nyembamba: "Mtani, nimegusa mpira! Mtani, mbona unaniua?" Kabichi nalo likashika njia, likaporomoka mlima mzima, waombolezaji wa nyuma wanaruka kulikwepa, mzee mmoja akajaribu kulizuia kwa fimbo likampita, akapiga kelele, "Goo!" Watu walicheka huku wanafuta machozi ya bibi.

Nikamtazama mjomba, nikingoja aende akamkunje yule jogoo shingo. Mjomba alikuwa anacheka. Amejiinamia, ameshika magoti, anacheka kuliko wote.

Nilijifunza chuki mbili kwa mpigo siku ile. Moja kubwa, ya refa. Moja ndogo ya kificho, ya mjomba. Nilimwona mwoga.

Na bado. Baada ya maziko Bwana Alfonsi akaingia ndani kutafuta cha kuteka, maana mtani haondoki mikono mitupu, na macho yake yakatua kwenye kitabu. Mjomba alikuwa amekuja nacho ili anisomee wakati wa matanga. "Kipa asiyedaka, kitabu cha nini?" akasema, akakitia kwapani. Mimi nikamng'ang'ania mguu.

"Oo! Mtani mdogo ananuna! Wazee mmeona? Faini!"

Kwa mila, kitu kilichotekwa hukombolewa kwa kuku tu. Mama akatoka kwenda kukamata kuku. Mjomba akamshika mkono.

"Mwache nacho," akasema.

Mwache nacho! Mama ndiye aliyenibandua mguuni kwa mtu, akanivuta nyuma ya jiko, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza. Mtani haliliwi. Na yeye ana mama."

Nafikiri alitaka tu kunituliza. Alitaka kusema kwamba yule naye ni mtoto wa mtu, kwamba msiba unazunguka, mambo ya watu wazima hayo. Mimi niliyapokea yale maneno kama mkakati. Nikaacha kulia palepale. Ana mama! Kwa hiyo ipo siku.

Nilianza kazi wiki ileile tuliyorudi mjini. Kila nilipokutana na Bwana Alfonsi, sokoni, kanisani, stesheni, nilisimama, nikapiga goti.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtani mdogo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa! Yuko kule Mkuyuni, juzi kajitwika mkungu wa ndizi mpaka sokoni."

"Ah."

"Mbona kama umesikitika?"

"Nimefurahi, mtani."

Akamwambia mama yangu, huyu mtoto mmemlea. Wenzake hawakumbuki kuuliza hali za wazee, huyu hakosi. Mama akanitazama kwa jicho moja. Jumapili nilisali kwa bidii. Sikumwombea bibi wa watu afe, sina roho hiyo. Nilikuwa namkumbusha Mungu tu kwamba kuna foleni, asije akamruka mtu.

Bibi yule alikuwa na afya ya chuma cha reli. Nilimaliza darasa la saba, hajambo. Nikachaguliwa sekondari, watu wakanipongeza, nikauliza, hajambo. Nikaota chunusi, zikaisha, hajambo. Jina la Miwa lilinifuata hadi shule ya bweni, maana yule niliyemng'ata naye alichaguliwa. Mjomba akazeeka kwenye zamu ya usiku. Wavulana wapya wa Mafiga ambao hawakumwona akidaka hata siku moja walimjua kwa kitu kimoja tu: ndiye yule aliyeuza mechi.

Likizo iliyopita nilifika nyumbani nikamkuta mama anafunga kanga nyeusi. "Alfonsi amefiwa na mama yake," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Sweta iko msumarini."

Mkuyuni palijaa. Walikuja watu wa stesheni, watu wa soko, wachezaji wa zamani, na akina mama wa Mafiga, wale wale wa foleni ya sabuni. Niliivaa sweta ya mjomba, nikajifunga kitenge juu yake nikatulia, nikaimba nyimbo zote, nikalia kidogo pia, kwa kuwa yule bibi tulikuwa tumezoeana kwa namna yetu. Kaburi likachimbwa, jeneza likaletwa. Walipolitua chini ili wapitishe kamba, nikavua kitenge, nikaruka ndani ya kaburi.

Nikasimama katikati, magoti nimeyakunja, mikono nimeitanua hadi kwenye kuta mbili za udongo mwekundu.

"Leo kipa ni mimi," nikasema. "Mama hapiti."

Wee! Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena. Watani wenzangu wakaanza kuimba jina langu. Mzee mmoja akanung'unika kwamba msichana haingii kaburini, mama yangu akamjibu, "Mtani ni mtani, mzee wangu, shika kamba." Bwana Alfonsi akasogea ukingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, shingo ya jogoo imelegea, filimbi iko palepale kifuani. Alijaribu kutabasamu. Akanirushia shilingi, nikamrudishia. Wakaleta kuku.

"Kuku mpeni katekista."

"Unataka nini, mtani mdogo?"

"Sema haikuwa penalti."

Kijana mmoja akanong'ona, "Penalti gani?" Sauti ikamjibu, "Ile ya Pius." Nikaisikia ile "ile ya Pius" ikitembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nyuma kabisa, kwenye minazi walipokaa akina mama wa Mafiga.

Bwana Alfonsi hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, upande aliosimama mjomba. Nikageuka. Mjomba alikuwa anakagua viatu vyake.

"Mtani," Bwana Alfonsi akasema polepole, "hilo si la utani."

"Ananuna!" nikapiga kelele. "Wazee mmeona? Ananuna! Faini!"

"Alfonsi, usinune," wazee wakamwambia. "Ni haki yake. Ulifanya Mgeta."

"Na mvua hiyo," katekista akasema, akaonyesha mlimani, ambako wingu lilikuwa limeshaanza kushuka. "Mama hawezi kulala nje."

Bwana Alfonsi akatazama jeneza. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupuliza.

"Haikuwa penalti."

"Mafiga hawajasikia."

"Haikuwa penalti!"

"Na filimbi je?"

"Filimbi ilikosea."

Vigelegele vilipasuka. Niliwaona akina mama wa foleni wametazamana, mmoja ameziba mdomo kwa kiganja, na nilimtazama huyo mpaka akainamisha macho. Mikono ikanitoa kaburini, wakanibeba juu juu kama bingwa wa kwenye kitabu. Utamu ule, nakuambia, hata mshahara wa Ulaya haununui.

Jioni Bwana Alfonsi akanipa kitabu, amekifunga kwenye kipande cha kanga. Miaka yote kilikaa stesheni, rafu moja na taa za ishara, ndiyo maana ya harufu hii. Alikuwa anakisoma zamu za usiku.

"Hakuna picha ya refa hata moja," akasema. "Nimetafuta."

"Najua," nikamwambia.

Nusura nimwonee huruma. Nusura.

Tulirudi na lori la ndizi, mimi na mjomba juu ya mikungu, mama mbele kwa dereva. Mvua ilikuwa imetuacha nyuma. Nilikuwa nangoja anishukuru, nimeshaandaa hata jibu la unyenyekevu. Mjomba aligeuzageuza kitabu mapajani, akafika kwa yule kipa mwenye nywele kama nyasi, akakifunga.

"Deme. Nilimshika mguu."

"Nani?"

"Yule mshambuliaji. Mpira sikuugusa. Alikwisha nipita, nikamshika mguu."

Lori likaingia kwenye shimo, likatoka.

"Kwa hiyo ilikuwa penalti," nikasema.

"Ilikuwa penalti."

"Lakini kuuza?"

"Kuuza sikuuza. Nilishika mguu wa mtu, basi. Alfonsi aliona. Mimi nikaapa mbele ya uwanja mzima kwamba nimegusa mpira, ningerudi nyuma vipi?"

"Mjomba, waliniita Miwa. Nilimng'ata mtu!"

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi peke yangu?"

Akakiweka kitabu mapajani mwangu. Taa za mjini zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Ungeendelea kukaa nyuma ya goli langu?"

Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu, acha naye angoje. Ila kile kicheko chake cha Mgeta nilikielewa pale juu ya ndizi. Hakikuwa cha mwoga. Kilikuwa cha mtu aliyekamatwa, anayeshukuru kwamba aliyemkamata amefanya mchezo.

Siku ya kurudi shule Bwana Alfonsi alikuwa zamu stesheni. Kutoroka haiwezekani, behewa letu lilisimama mbele yake kabisa.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtani mdogo." Akangoja. "Leo huniulizi?"

"Baba hajambo?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza akafuta macho, akatazama saa ya ukutani, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza. Treni ikatikisika. Watu wa Mafiga walikuwa wamejaa jukwaani wakiaga watoto wao, nami nimejibana dirishani, na mara nikamwona anatembea sambamba na behewa, kisha anakimbia, kofia mkononi.

"Deme! Mama yangu amelala sasa! Ilikuwa penalti! Jamani nyote, mnasikia? Ilikuwa penalti!"

Nikatoa kichwa chote nje.

"Filimbi imeshalia, mtani!"

Na treni, kama alivyoiamuru mwenyewe, haikusimama.